KIBARUA WA WAKALA NI WA NANI?
(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa ushirika)



Leo hatusemi habari za pembejeo. Tunasema habari za vijana wetu waliopakiwa kwenye lori msimu uliopita kwenda kufanya kazi kiwandani. Bwana aliyewachukua alijiita wakala. Mmoja amerudi hana vidole viwili. Alikwenda kwa meneja, akaambiwa: wewe si wetu, ni wa wakala. Akaenda kwa wakala, akaambiwa: umeumia kwenye mashine ya kiwanda, nenda kiwandani. Sasa jamani, mtu afanye kazi miezi minne halafu asiwe na mwajiri?

Jambo hili si la kijiji chetu peke yake. Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za mawakala wa ajira, ikasema kazi ya wakala ni kumuunganisha mtu na kazi, asiwe yeye mwajiri. Ujanja haukwisha. Wapo waliojiita makandarasi wa huduma, kazi ikawa ile ile.

Lakini sheria haitazami jina. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inauliza: nani anakuongoza namna ya kufanya kazi? Nani anakupangia saa? Nani anakupa vifaa? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu? Likipatikana moja tu, unahesabiwa mwajiriwa wake mpaka ithibitishwe vingine.

Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na usipoyaelewa akueleze mpaka uelewe. Sisi tuliojua kusoma ukubwani kwenye kisomo tunajua uchungu wa kuweka dole gumba juu ya karatasi usiyoisoma. Likitokea shauri naye hana karatasi hiyo, ni juu yake kuthibitisha, si juu yako.

Ukiachishwa kazi bila haki, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usingoje mpaka tuvune. Aliyeumia ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wake hutoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti.

Na tusiseme ya kiwanda tu. Wapakizi wa magunia ghalani kwetu tuliwapata kwa mnyapara, tukamlipa yeye, hatukuuliza wenyewe wamepata ngapi. Saa tulipanga sisi, mizani yetu, turubai letu. Kwa kipimo kile kile, basi, walikuwa wetu. Kamati imekubali: msimu huu majina yao yaandikwe kwenye daftari la ushirika, na kila mtu alipwe mkononi mwake, dirishani.

Jumatatu tunakwenda na kijana wetu kwa Ofisa Kazi mkoani. Mliokuwa naye kiwandani, leteni ofisini kadi za getini, au karatasi yoyote yenye jina lenu, kabla ya Jumapili jioni.