Kijana wa Mashine na Maneno ya Jirani



Juma lililopita niliwaahidi kuendelea na hati za mashamba. Nisameheni, tutarudia jambo hilo. Leo ninataka kuzungumza na kijana ambaye hana shamba. Ana ordinatere ya zamani, ana vifaa vya masikio vilivyofungwa kwa utepe, na usiku umeme unapokuja yeye halali. Anatengeneza muziki kwa mashine. Wenzake wanamwita bitimeka. Mama yake anamwita mvivu.

Mtaniuliza: wewe mtu wa sheria, muziki wa mashine unakuhusu nini? Sikilizeni. Siku moja shefu wa mtaa mmoja hapa Bunia aliniita. Nikakuta vijana wawili wamekaa mbalimbali, mmoja na jicho lililovimba. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Mmoja anatengeneza muziki, mwingine anaimba. Walifanya wimbo, ukapendwa kwenye harusi na kwenye vibanda vya kuchaji telefone. Mfanyabiashara akautaka kwa kutangaza bidhaa zake, akatoa dola 150. Alimpa nani? Alimpa mwimbaji, kwa sababu sura ya mwimbaji ndiyo inayojulikana. Mwimbaji akampelekea mwenzake dola 10 na soda.

Yule wa mashine alinyamaza majuma matatu. Kisha akaondoa sauti ya rafiki yake ndani ya wimbo, akaweka sauti ya mtu mwingine, akautoa upya. Wakapigana. Siku ya kwanza ugomvi ulikuwa wa wimbo. Siku ya pili ukawa wa ndugu na binamu. Siku ya tatu hakuna aliyekumbuka wimbo. Watu walikuwa wanasema «watu wa upande wenu» na «ninyi ndivyo mlivyo».

Ndugu zangu, katika mji huu tunajua neno hilo linafika wapi. Mwaka wa 2003 nilikuwa mtoto, tulilala chini ya mahema karibu na uwanja wa ndege, na mitaa ilikuwa imegawanyika hata mtu hakuweza kwenda kununua chumvi mahali alipozaliwa. Ndiyo sababu ugomvi wa dola 140 haukunichekesha.

Niliwauliza: iko wapi karatasi yenu? Hawakuwa na karatasi. «Sisi tulikuwa ndugu», walisema. Basi tuliandika kwenye ukurasa wa daftari la shule. Jina la wimbo na tarehe. Nani alitengeneza muziki, nani aliandika maneno, nani aliimba. Pesa ikiingia, kila mtu sehemu gani. Nani anachunga faili za kazi, na nani lazima aulizwe kabla ya kuuza. Walibishana saa mbili nzima kwa sehemu zao, mwisho wakakubaliana nusu kwa nusu, wakatia sahihi, na shefu akatia sahihi kama shahidi. Sitawadanganya, urafiki wao haukurudi kama zamani. Lakini wanasalimiana, na jamaa zao wamenyamaza.

Basi, mdogo wangu unayeanza kazi hii, karatasi hiyo uiandike siku ya kwanza, wakati mngali mnacheka pamoja. Siku pesa inapoingia umechelewa.

Sheria yetu juu ya haki za mtunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986. Inasema kwamba haki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe. Ukitengeneza muziki leo usiku, ni wako leo usiku, bila muhuri wala ofisi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 46, inalinda vilevile uhuru wa kutunga. Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kuionyesha mbele ya mwamuzi ni jambo lingine. Kwa hiyo usifute faili za kazi, zile zinazoonyesha kila ngoma na kila chombo peke yake. Weka nakala kwenye fleshi nyumbani kwa dada yako, tuma nyingine kwa barua ya mtandao ambayo inabeba tarehe. Na jiandikishe SOCODA, shirika lililoidhinishwa mwaka wa 2011 kwa kukusanya haki za watunzi.

Haki hiyo inakulinda, na inakuzuia pia. Wengi wanakata kipande cha gitaa kwenye sahani ya zamani na kukizungusha. Ni utamu, ninakubali. Lakini ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Franco Luambo alifariki mwaka wa 1989; fanya hesabu mwenyewe, ni hadi 2039. Unaweza kuomba ruhusa kwa wenye haki, au uite mpiga gitaa wa mtaani mwako, umlipe, apige kitu chake. Huyu wa pili anapata chakula, na wewe unapata sauti ambayo hakuna mwingine anayo.

Juu ya vyombo nitapita haraka, kwa maana ninyi mnajua kuliko mimi. Neno moja tu. Vijana wengi wanachukua programu zilizovunjwa ufunguo, na pamoja nazo wanachukua virusi vinavyokula kazi ya mwaka. FL Studio ya kujaribu bila kulipa inafanya kazi, ila haifungui tena kazi uliyoihifadhi; basi maliza wimbo na uutoe kabla ya kufunga. LMMS ni ya bure kabisa. Na hifadhi kazi kila mara, kwa sababu umeme wetu hauagi.

Kijana mmoja aliniambia: «Yaya, bila mashine za Ulaya siwezi kitu». Nikamwambia habari ya Mawangu Mingiedi. Mzee huyu alianzisha kundi la Konono No. 1 kule Kinshasa katika miaka ya 1960. Alipiga likembe, lakini likembe haisikiki katika kelele ya mji mkubwa. Akachukua sumaku ndani ya vyuma vya magari mabovu, akatengeneza mikro, akaunganisha na vipaza-sauti vya zamani. Sauti ilitoka ikikwaruza. Hakuificha mikwaruzo, aliifanya kuwa mtindo. Mwaka wa 2004 sahani yao, Congotronics, ilitolewa na Crammed Discs ya Brussels, na watu wa muziki wa mashine kule Ulaya wakashangaa kuona kwamba mzee wa Kinshasa amefika mahali walipokuwa wanatafuta. Mzee Mingiedi alifariki mwaka wa 2015.

Tazameni pia jirani zetu. Vijana wa mitaa ya kawaida ya Dar es Salaam walitengeneza singeli kwa ordinatere za bei ndogo, muziki unaokimbia kupita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka wa 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wao, Sounds of Sisso, na leo singeli inapigwa Ulaya. Na Rey Sapienz, mtoto wa mashariki ya inchi yetu, alikwenda Kampala kwa kazi ya muziki, vita vikamzuia kurudi, akaendelea huko huko. Mwaka wa 2021 alitoa Na Zala Zala pamoja na wenzake. Hakuna hata mmoja wao aliyefaulu kwa kuiga wimbo uliokuwa unapigwa sana mwaka ule. Basi rekodi mchi wa mama yako kwenye kinu. Rekodi mvua juu ya mabati. Hivyo ni vyako, na havidaiwi na mtu.

Sasa ninafika kwenye jambo lililonisumbua zaidi. Bitimeka mmoja alinijia na hofu. Watu walimletea fleshi yenye sauti iliyokwisha kuimbwa, katika lugha asiyoisikia. Wakamlipa mara tatu ya bei yake na kumwambia: tia ngoma, tia nguvu. Akatia. Wimbo ulipotoka, jirani yake mwanamke aliacha kumsalimu. Ndipo akauliza maana ya maneno: yalikuwa yanaita kabila la mama huyo wadudu. «Lakini mimi ni mtu wa mashine tu», aliniambia. «Maneno si yangu».

Nilimjibu kwa habari ya kesi. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Rwanda. Tarehe 2 Desemba 2008 Mahkama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu miaka 15. Watu wengi wanafikiri alihukumiwa kwa sababu ya nyimbo, na sivyo. Waamuzi walisema nyimbo zake zilitumika mwaka wa 1994 kuchochea watu, lakini haikuthibitishwa kwamba alizitunga kwa nia ya mauaji, wala kwamba ni yeye aliyezitawanya wakati ule. Alihukumiwa kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza-sauti, mwisho wa mwezi wa Juni 1994, ndani ya gari lililopita barabarani likipiga muziki, akiwahimiza watu wawaue Watutsi.

Kijana aliposikia hayo alipumua: «Basi nyimbo hazina kesi». Hapana, mdogo wangu. Kwanza, kesi ile ilikuwa ya mauaji ya kimbari, na mizani yake ni nzito sana. Hapa kwetu kuna sheria ya tarehe 7 Juni 1966 juu ya ubaguzi wa rangi na wa kabila. Mwenye kutukana kabila la watu na kuchochea chuki anaweza kufungwa kutoka mwezi mmoja hadi miaka miwili, na anayemsaidia akijua anaweza kuitwa pamoja naye. Pili, mbali na sheria, fikiri lile gari. Muziki ndio ulioita watu watoke nyumbani wasikilize. Kazi ya kuita watu ndiyo kazi yako.

Kwa hiyo ukiletewa sauti katika lugha usiyoisikia, tafuta mtu wa kukutafsiria kabla ya kupokea pesa. Si mtu aliyeileta, mwingine. Ukikataa, kataa kwa upole, sema kazi ni nyingi. Sikuambii uwe shujaa mbele ya watu wenye silaha.

Msifikiri pia kwamba ninaomba serkali izibe midomo. Mwezi wa Novemba 2021 tume ya kuchunguza nyimbo ilikataza wimbo wa kundi MPR la Kinshasa uliolalamikia hali ya inchi, na haraka katazo likaondolewa kwa kelele za wananchi. Walifanya vema kupiga kelele. Kulaumu wakubwa ni haki ya mwananchi. Kumwita jirani mdudu si haki ya mtu yeyote. Hata mtoto anaweza kuona tofauti.

Kijana yule alifuta wimbo kwenye ordinatere yake, lakini ulikuwa umekwisha kutawanyika kwenye telefone. Alimwendea yule mama pamoja na mjomba wake, akasema ukweli. Mama hakujibu kitu. Baada ya siku nyingi alimtuma mtoto wake alete telefone ya kutengenezwa.

Kabla ya kumaliza, barua moja. Dada mmoja ameandika kwamba anajua kutengeneza muziki, lakini baba yake hamruhusu kwenda studio usiku, na mwenye studio anasema mchana ni kwa wanaolipa zaidi. Dada, baba yako ana sababu, na mwenye studio anakudhulumu. Jiunge na wasichana wengine wawili au watatu, mlipe asubuhi moja kwa juma pamoja, na mwombe baba aje mara ya kwanza akae, asikilize. Kama mwenye studio atakataa hata hapo, uniandikie tena kupitia redio hii, nitakuja kuzungumza naye.

Jambo kwenu, na juma lijalo tutarudi kwenye mashamba.