KWA NINI HATUMWABUDU ZEUS?

(Hotuba iliyotolewa kwenye semina ya vijana na viongozi wa vikundi vya akina mama)



Nimeombwa nijibu swali ambalo vijana wetu wanarudi nalo kutoka vyuoni. Wanaambiwa hivi: "Ninyi waumini mnakataa mamia ya miungu. Mnamkataa Zeus wa Wayunani, Ra wa Wamisri, na Thor wa watu wa Ulaya ya kaskazini. Sisi tunawakataa hao wote, halafu tunaongeza mmoja tu, huyo wenu." Swali hili si la kukemea. Kijana akiuliza vizuri, ajibiwe vizuri.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Sisi hatukuchukua orodha ya miungu, tukafuta majina yote, tukabakiza moja. Muumba hayumo katika orodha hiyo hata kidogo. Yeye na Zeus si wagombea wawili wa kiti kimoja.

MIUNGU WALIOZALIWA

Hebu tumtazame Zeus jinsi Wayunani wenyewe walivyomsimulia. Mshairi wao Hesiod, karibu mwaka 700 K.K., alitunga habari za ukoo wa miungu. Anasema kwanza palikuwa na utupu mkubwa, kisha ikatokea dunia, ndipo miungu wakaanza kuzaliwa. Kronos, babake Zeus, aliwameza watoto wake mmoja mmoja akiogopa wasije wakamnyang'anya ufalme. Zeus aliponea kwa sababu mamake alimficha, akafunga jiwe kwa nguo za mtoto, na mzee akalimeza jiwe. Zeus alipokua akampindua babake. Homer, mshairi mwingine, anasimulia kwamba Zeus na ndugu zake walipiga kura: yeye akapata mbingu, Poseidon bahari, na Hades kuzimu.

Mnaona? Ulimwengu ulikuwako kabla yao. Wanaishi ndani yake kama sisi, ila wana nguvu kutushinda na hawafi. Wanaoneana wivu na kugombania mipaka kama ndugu walioachiwa shamba bila hati.

Wayunani wengine waliliona jambo hili mapema. Xenophanes, aliyeishi zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, aliwacheka wenzake. Alisema kila taifa huwapa miungu sura yake lenyewe, na kama ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono, wangechora miungu wenye maumbo ya ng'ombe na farasi. Huyo hakuwa Mkristo wala Myahudi.

Vijana wengine wanadhani ni sayansi iliyomwondoa Zeus. Ni kweli kazi yake ilikuwa kurusha radi, na leo mtoto wa shule anajua kwamba radi ni umeme. Mungu ambaye kazi yake ni radi tu, radi ikishaelezwa, amefutwa kazi. Lakini Wakristo walimkataa Zeus karne nyingi kabla umeme haujajulikana. Tena wao ndio walioitwa watu wasio na Mungu! Justin, mwalimu aliyeuawa kule Roma karibu mwaka 165, alilikubali jina hilo: kwa miungu wa namna hiyo, ndiyo, sisi si waumini. Aliyemwamini yeye ni yule aliyefanya mbingu na nchi na kila kanuni inayoendesha umeme. Mungu huyo hapungukiwi na kitu mwanafunzi anapofaulu somo la fizikia.

NANI ANALIPA?

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi tunaofanya kazi ya maendeleo. Mungu aliye sehemu ya ulimwengu ana mahitaji yake, kwa hivyo anaweza kununuliwa. Na bei hiyo, jamani, hulipwa na nani?

Wayunani walisimulia juu ya mfalme Agamemnon, aliyekusanya merikebu kwenda kupigana Troy. Upepo ukakataa. Akaambiwa mungu wa kike Artemi amekasirika, na bei ya upepo ni binti yake, Iphigenia. Wasimulizi wengine walisema msichana alichinjwa, wengine walisema Artemi alimwokoa dakika ya mwisho akaweka kulungu mahali pake. Lakini angalieni: vita ni vya baba, na anayepelekwa madhabahuni ni mtoto wa kike.

Msidhani hesabu hiyo ilibaki Uyunani. Yeftha alimwamini Mungu mmoja, lakini katika Waamuzi 11 aliweka nadhiri ili ashinde vita, na binti yake ndiye aliyeilipa. Biblia haifichi habari hiyo. Inatuambia mabinti wa Israeli walikuwa wakimwombolezea siku 4 kila mwaka. Baadaye nabii Mika anauliza kama Mungu anataka mtu amtoe mzaliwa wake wa kwanza, na jibu ni kwamba anataka haki, rehema na unyenyekevu (Mika 6). Kwa hiyo kusema "Mungu ni mmoja" hakutoshi. Mtu anaweza kukiri Mungu mmoja, kisha akamtendea kama Zeus.

Tuangalie kwetu. Ukame ukija, msichana anatolewa shuleni aozwe ili mifugo ipatikane. Ugonjwa ukiingia bomani, anatafutwa mkongwe wa kulaumiwa. Huko Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Halafu yuko mhubiri anayemwambia mama mgonjwa eti atoe pesa kwanza ndipo apone. Huyo ni ndugu yake Demetrio wa Efeso, fundi wa fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi (Matendo 19). Paulo alipohubiri kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu, Demetrio alilalamika kwanza juu ya biashara, ndipo akakumbuka heshima ya mungu wake. Alijua kwamba Mungu asiyenunuliwa hahitaji dalali.

TUSIWADHARAU WAZEE

Neno moja la tahadhari. Msiende nyumbani mkasema mababu zetu walikuwa sawa na Wayunani. Kule Listra watu walimwita Barnaba "Zeu" na Paulo "Herme", wakaleta ng'ombe wa kuwatolea sadaka, na mitume wakararua nguo zao kwa kukataa (Matendo 14). Lakini waliotafsiri Biblia katika lugha zetu walimkuta Ngai kwa Wakikuyu na Nyasaye kwa Waluo, wakayatumia majina hayo hayo. Profesa John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya Mungu katika fikira za Waafrika, alionyesha kwamba Muumba alijulikana kwa makabila mengi sana kabla ya wamisionari kufika.

Ukirudi kijijini, basi, muulize nyanya yako alimjuaje Mungu kabla ya kujua kusoma. Umsikilize mpaka mwisho.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Ni wakati gani sisi huomba kama watu wanaopatana bei sokoni?
2. Katika kijiji chetu, shida ikija, ni nani hulipishwa kwanza? Kikundi chetu kimemlinda vipi?
3. Kijana akiuliza swali gumu la imani, sisi wazee humjibu au humnyamazisha?