TUMBAKO, UTAFITI NA FEDHA ZA SERIKALI

(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Matuu)



Nimetakiwa na Halmashauri niseme machache juu ya tumbako. Sikuja kumwaibisha mzee yeyote kwa kikopo chake cha ugoro. Ugoro ni wa zamani katika Ukambani, na mzee humpa mwenziwe kwa heshima. Nataka kuuliza tu: tumejuaje ya kwamba tumbako hudhuru, na ni nani aliyelipia kujua huko?

Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza matokeo ya kuwahoji wagonjwa katika hospitali za London. Waliona ya kwamba sigara ilikuwa sababu kubwa ya saratani ya mapafu. Uchunguzi ule uligharimiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba, kwa fedha za serikali. Ndivyo ipasavyo, maana mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Muuza sigara hawezi kuachiwa kazi ya kuichunguza sigara.

Hapa kwetu, Sheria ya Kudhibiti Tumbako ya mwaka 2007 iliweka Mfuko maalum, na utafiti ni mojawapo ya kazi zake, pamoja na kuwasaidia wanaotaka kuacha. Kanuni za mwaka 2014 ziliamuru watengenezaji na waagizaji wa tumbako wautolee Mfuko huo asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo mahakamani, ikashindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2016, katika Rufani mwaka 2017, na mwisho katika Mahakama ya Juu mwaka 2019.

Basi fedha zina njia halali. Lakini zichunguze nini? Hesabu iliyofanywa nchini mwaka 2014 ilionyesha ya kwamba, katika wanawake wa miaka 15 na zaidi, waliovuta tumbako hawakufika hata 1 kwa 100, bali waliotumia ugoro na tumbako ya kutafuna walikaribia 4. Anayewahesabu wavutaji peke yao huwaacha mama zetu nje ya daftari; na tumbako isiyo na moshi nayo huleta saratani ya kinywa na ya umio.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, Halmashauri iiandikie Wizara ya Afya, iulize ni kiasi gani cha Mfuko kimetumika katika utafiti, na iombe ugoro uchunguzwe huku Yatta. Pili, wahesabu wakibisha hodi, tuwajibu kweli, wazee wakitangulia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.