Umsinsi: Mti wa Wenye Nchi

Katika nchi za kusini mwa Afrika mwezi wa Septemba ndio mlango wa majira ya machipuko. Baridi ya kipupwe hupungua, ardhi ingali kavu, na mvua bado haijaanza. Ndipo miti ya asili huanza kuchanua. Nchini Afrika Kusini Siku ya Miti iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983, na tangu mwaka 1999 juma zima la kwanza la Septemba limetengwa kwa ajili ya upandaji wa miti ya asili.

Miongoni mwa miti hiyo upo mmoja mdogo ambao Wazulu huuita umsinsi. Washona wa Zimbabwe huuita mutiti, nao humea pia Msumbiji, Botswana na Eswatini. Wataalamu wa mimea wameupa jina la Erythrina lysistemon. Ni ndugu wa karibu wa mwamba-ngoma unaojulikana Afrika Mashariki. Kimo chake kwa kawaida ni mita 6 hadi 8, na matawi yake yana miiba mifupi. Majani hupukutika wakati wa baridi, na kabla mapya hayajatoka mti mzima huvaa maua mekundu kama makaa ya moto. Ndege aina ya chozi na nyuki huufuata kwa ajili ya maji matamu yaliyomo ndani ya maua. Wakulima wa jadi nao waliutazama kwa makini, kwa kuwa ulipochanua waliujua wakati wa kutayarisha mashamba na kupanda.

Wazee waliupanda kwa kazi maalumu. Vipande vya matawi vilichomekwa ardhini kuzunguka maboma ya ng'ombe, miji ya watu na mabwawa ya maji, navyo vikachipua na kuwa ua ulio hai. Mti huo ulipandwa pia juu ya makaburi ya machifu wa Kizulu. Haistaajabishi, basi, kwamba katika lugha ya Kizulu mzaliwa halisi wa nchi huitwa kwa jina la mti huo: umsinsi wokuzimilela, yaani umsinsi ulioota wenyewe, ambao haukuletwa na mtu kutoka mahali pengine.

Hapa ndipo habari ya mti inapogeuka kuwa habari ya watu. Tarehe 19 Juni 1913 ilianza kutumika Sheria ya Ardhi ya Wenyeji katika Afrika Kusini. Sheria hiyo iliwaachia Waafrika, waliokuwa wengi wa wakazi wote, kiasi cha asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao. Mwaka 1936 sheria nyingine ilikusudia kuliongeza eneo hilo hadi karibu asilimia 13. Watu walioitwa kwa jina la mti uliojiotea wakafanywa wageni pale pale walipozaliwa. Sol Plaatje, katibu mkuu wa kwanza wa chama cha wananchi kilichoundwa mwaka 1912, alizunguka na kuwaona wenye mifugo wakitangatanga barabarani bila mahali pa kulisha, na mwaka 1916 akachapisha kitabu juu ya mateso hayo.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, Bunge jipya lilipitisha Sheria ya Kurejesha Haki za Ardhi. Waliopokonywa ardhi baada ya tarehe 19 Juni 1913 kwa sababu ya ubaguzi waliruhusiwa kudai. Wengi hawakuwa na hati, maana hati ziliandikwa na wale wale waliowafukuza. Sheria ikaruhusu mahakama kusikiliza masimulizi ya wazee na ushahidi wa historia. Katika hali kama hiyo kaburi la babu, msingi wa nyumba iliyobomolewa au mti uliopandwa na mkono wa mtu si vitu vya kudharauliwa. Karatasi huungua au hufichwa. Mti husimama mahali pake.

Katika bustani za mijini mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Walowezi walipanda miti waliyoipenda kutoka ng'ambo. Mjakaranda, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, ulifika Pretoria mwaka 1888, na baadaye ukapamba barabara zake na zile za Harare kwa maua ya zambarau. Uzuri wake hauna ubishi. Lakini mbegu zake huruka kwa upepo, huota porini na kandokando ya mito, na kuisonga mimea ya asili. Kwa sababu hiyo kanuni za mwaka 2001 nchini Afrika Kusini ziliuweka katika orodha ya mimea vamizi: iliyokwisha kuwapo iachwe, lakini mipya isipandwe. Tangu mwaka 1995 nchi hiyo imekuwa na mpango wa kuajiri watu kung'oa miti vamizi inayonyonya maji ya mito. Hasara ya kuidharau miti ya asili hulipwa kwa fedha na jasho la vizazi vya baadaye.

Kuupanda umsinsi hakuhitaji utaalamu mkubwa. Mwishoni mwa kipupwe, kabla mti haujachipua, hukatwa tawi nene lenye afya, lenye urefu wa mita moja au zaidi. Tawi huachwa kivulini kwa siku chache hadi jeraha likauke, kisha huchomekwa katika shimo lenye mchanga chini yake, ncha ile ile iliyokuwa chini mtini ikielekea ardhini. Maji yawe ya kadiri, kwa sababu tawi lililolowa mno huoza kabla ya kutoa mizizi. Mahali pawe pa jua na pasiwe na jalidi kali, maana mche mchanga hauvumilii jalidi. Anayependelea mbegu aziloweke katika maji ya moto usiku kucha, kwa kuwa ganda lake ni gumu. Mti uliotokana na tawi hutangulia kuchanua kuliko ule wa mbegu.

Lipo, hata hivyo, jambo la kuangaliwa. Mbegu za umsinsi ni nyekundu zenye doa jeusi, nzuri za kuvutia watoto, na watu huzitunga shanga. Ndani yake mna sumu inayoweza kulegeza misuli. Ganda lisipovunjika hatari hupungua, lakini ikitafunwa ni jambo jingine. Penye watoto wengi, kama katika nyumba za askari, mbegu ziokotwe zinapoanguka na watoto waonywe. Mwamba-ngoma nao una sumu ya jamii hiyo, na tahadhari ni ile ile.

Ndugu wasikilizaji, kwa walinzi wa nchi habari hii ya majirani ina maana ya karibu. Askari polisi anajua ni mashauri mangapi hufika kituoni kwa sababu ya mpaka wa shamba usio na alama. Ua wa miti uliopandwa kwa mapatano ya majirani huzuia ugomvi kabla haujahitaji rungu wala hakimu. Mwanajeshi naye anajua jinsi kambi isiyo na mti ilivyo vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Pande hizi za Afrika Mashariki si lazima kuagiza umsinsi kutoka kusini: mwamba-ngoma upo, nao huoteshwa kwa tawi vivyo hivyo.

Huenda askari akasema kwamba hana sababu ya kupanda mti utakaochanua baada ya miaka mitatu au minne, naye kesho atahamishiwa kituo kingine. Lakini ulinzi wote ni kazi ya namna hiyo: afanyaye si lazima awe ndiye atakayefaidi. Atakayekuja kushika lindo lake atakuta kivuli, ndege na maua, na alama ya mpaka ambayo haina haja ya kuandikwa upya.