Printa ya Nyumbani Katika Ofisi ya Usharika: Tuipimeje Kabla ya Kuipokea?

Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wahisani



Tumeombwa tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mmekiona mezani katika nyumba ya mchungaji. Ni ile printa ya wino inayochapa, inayotoa kopi na inayoskani, yote katika mashine moja. Kiwandani imetengenezwa kwa ajili ya familia: mtoto achape kazi ya shule, mzazi achape picha chache za sikukuu. Kwetu imekuwa ofisi nzima ya usharika. Kamati zinatuuliza kama zinunue au zipokee mashine za namna hii. Jibu letu ni ndiyo, kwa masharti, na masharti yenyewe yako zaidi kwenye wino kuliko kwenye mashine.

Tuanze na sababu ya kuihitaji. Usharika usio na printa hupeleka kazi zake steshenari mjini. Kwa matangazo ya Jumapili hakuna ubaya wowote. Lakini mradi wa yatima una orodha ya watoto, majina ya walezi wao na mara nyingine habari za magonjwa yaliyomo nyumbani. Huduma ya wagonjwa majumbani ina majina ya watu wanaoishi na VVU. Orodha hiyo ikibebwa kwenye flashi na kufunguliwa katika kompyuta ya dukani, nakala yake inaweza kubaki pale, na kijana anayechapa pengine anakaa mtaa mmoja na hao walioandikwa. Mama aliyemweleza mhudumu wetu siri ya nyumba yake hakumweleza mwenye duka. Kwa sababu hii peke yake tungesema kila usharika wenye mradi wa huduma uwe na mashine yake. (Na flashi hiyo hiyo hurudi na virusi, lakini hilo mnalijua.)

Sababu nyingine ni taarifa. Wahisani wengi hawatoi fedha za awamu inayofuata kabla ya kuona nakala za risiti za awamu iliyopita, na wana haki. Risiti zikisubiri mtu anayekwenda mjini, na fundi wa kisima naye anasubiri.

Mtu atauliza kwa nini tusichukue printa ya leza, ambayo ni ya ofisi hasa. Leza hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto ili ushike kwenye karatasi, na kupasha joto huko hula umeme wa wati mia kadhaa. Printa ndogo ya wino inapochapa hutumia wati kumi hivi, au zaidi kidogo. Kwa sharika zinazotegemea sola, hoja hiyo inatosha. Kwa sharika zenye umeme wa uhakika na kazi nyingi, leza ya rangi nyeusi tu inafaa sana, na tusiwazuie.

Sasa wino. Printa za wino za nyumbani zilianza kuuzwa miaka ya 1980, na kwa miaka mingi biashara yake imekwenda kwa namna moja: mashine huuzwa kwa bei ndogo, faida hupatikana kwenye katriji. Mwaka 2010 kampuni ya Epson ilianza kuuza nchini Indonesia printa zenye matangi yanayojazwa kwa chupa, baada ya watu huko kuwa wamezoea kuunganisha matangi yao wenyewe kwa mipira. Wengine wamefuata, na leo aina zote mbili zinapatikana katika miji yetu mikubwa. Ya katriji ni rahisi kuinunua. Ya matangi bei yake hushtua kamati.

Tufanye hesabu pamoja. Bei tunazotaja ni za mfano. Kila kamati iweke za dukani kwake. Tuseme usharika unachapa kurasa 150 kwa mwezi, yaani 1,800 kwa mwaka. Katriji nyeusi ndogo ya kawaida hutoa kurasa kati ya 120 na 200. Tuchukue 120, kwa bei ya shilingi 40,000: katriji 15 kwa mwaka, shilingi 600,000. Printa yenyewe tuseme ilikuwa 150,000. Upande wa pili, printa ya matangi tuseme ni 550,000, na chupa ya wino mweusi 35,000. Chupa moja hutoa kurasa 4,500 hivi, ingawa ya kwanza hupungua kwa sababu wino hujaza mipira ya ndani. Kwa kasi ya usharika huu chupa hiyo inatosha zaidi ya miaka miwili. Ukurasa wa katriji unagharimu zaidi ya shilingi 330, wa chupa shilingi 8. Mwaka haujaisha, ile printa ya bei rahisi imeshaipita ile ya bei kubwa.

Idadi za kurasa zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa, ISO/IEC 24711, kwa kuchapa kurasa za majaribio mfululizo. Sisi hatuchapi mfululizo. Tunachapa kurasa tano leo na mbili wiki ijayo, na kila mashine inapojisafisha inatumia wino. Basi msitegemee idadi ya boksi yote. Na katriji zinazokuja ndani ya printa mpya mara nyingi hazijajazwa sawa na zile za dukani.

Ndugu zetu wahisani, hapa tunawaomba mtusikilize kwa upendo. Tunajua mmebeba printa hizi ndani ya masanduku yenu ya nguo. Lakini baadhi ya watengenezaji wameigawa dunia katika kanda, na printa iliyouzwa kwenye kanda moja hukataa katriji za kanda nyingine, hata zikifanana kwa macho. Nyingine huuzwa pamoja na mpango wa kulipia wino kila mwezi kwa intaneti. Malipo yakikoma, katriji za mpango huo haziendelei kuchapa hata kama zimejaa. Mashine kutoka Marekani itazameni pale palipoandikwa umeme. Ikiandikwa volti 100 hadi 240 ni salama. Ikiandikwa 120 tu, umeme wetu wa 230 utaiunguza. Tumekuta nyumba zaidi ya moja ambamo printa nzuri kabisa imefunikwa kitambaa na kuwekewa redio juu, kwa sababu katriji yake haipatikani popote hapa. Msituletee mashine. Tuulizeni kwanza wino gani unauzwa katika mji wa karibu, kisha mtusaidie kuinunua hapa hapa, ili ikiharibika fundi awe anaijua. Na katika kila ombi la mradi tunalolipitisha ofisini kwetu tunataka pawe na mstari wa bajeti kwa wino na karatasi wa miaka miwili.

Utunzaji ni mfupi kueleza. Izimeni kwa kitufe chake kabla ya kuzima umeme ukutani, maana ndipo kichwa cha kuchapia kinarudi kwenye kifuniko chake. Kikiachwa wazi, wino hukauka kwenye matundu. Chapeni ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Ifunikeni na vumbi. Ndani yake kuna sponji inayopokea wino wa kusafishia, na ikihesabiwa kuwa imejaa mashine husimama. Ulizeni kabla ya kununua kama fundi wa mjini anaweza kuibadilisha.

Uskani ndio tunaouona kuwa hazina ya mashine hizi. Risiti zikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi zinasomeka vizuri na faili si kubwa. Ila vitabu vya zamani vya ubatizo msivibane pale juu ya kioo. Mgongo wa kitabu unaweza kupasuka, na skana nyingi za mashine hizi huona vizuri tu kile kilichogusa kioo, kwa hiyo majina yaliyo karibu na mshono hutoka ukungu. Kitabu cha namna hiyo kipigwe picha kwa simu, kikiwa wazi kidogo, kwenye mwanga wa dirisha. Tena jaribuni kuskani katriji ikiwa imetolewa au imeisha. Zipo mashine zinazokataa kuskani kwa sababu hazina wino, na jambo hilo lilifikishwa mahakamani Marekani mwaka 2021.

Kuhusu rangi, picha na fedha zinazotumika kwenye karatasi za kung'aa, hatuna la kusema. Ratiba ya ibada nakala 400 msizichape hapa. Chapeni nakala moja safi, nyingine zitolewe kwa mashine ya kurudufu mjini. Hiyo si siri ya mtu.

Lakini vyeti vya ubatizo na kipaimara ni jambo zito, kwa sababu hukaa na Mkristo maisha yake yote. Wino wa printa ni wa namna mbili. Mmoja ni rangi iliyoyeyuka, nao hukimbia ukipata maji. Mwingine una chembe ndogo zinazokaa juu ya karatasi, nao hustahimili. Mashine nyingi zina weusi wa aina ya pili na rangi nyingine za aina ya kwanza, ila si zote, na muuza duka mara nyingi hajui. Cheti kilichonyeshewa mvua kwenye begi hakitasomeka ikiwa jina limechapwa kwa wino usiofaa.

Tumeweka mashine mbili pale mezani, moja ya katriji na moja ya matangi. Kila kamati ichape ukurasa mmoja wenye jina la usharika wake kwenye kila mashine, iandike nyuma imetoka mashine ipi, iache karatasi ikauke wakati wa chai, kisha idondoshee maji kwa kidole. Glasi ya maji iko kando. Tutakaporudi tutazitazama karatasi zenu pamoja, kabla ya watunza hazina kuanza kujaza fomu za hesabu ya wino.