Mhandisi hafuzu kwa kioo peke yake

Katika mazungumzo yetu ya wiki hii ningependa tuangalie jambo ambalo kwa juu juu linaonekana ni la wanafunzi na walimu wao, lakini kwa undani linamhusu kila mtu anayewasha taa nyumbani kwake. Jambo lenyewe ni mafunzo kwa vitendo ya wahandisi wetu vijana, hasa haya ya siku hizi ambayo mwanafunzi huyafanya akiwa mbali na kampuni inayomfundisha. Yeye yuko na kompyuta yake nyumbani, na kampuni iko upande wa pili wa intaneti.

Utaratibu wa zamani tunaufahamu. Mwanafunzi wa uhandisi akimaliza masomo ya mwaka hupelekwa kiwandani au kwenye kituo cha umeme kwa majuma kadhaa. Hupewa buti na kofia ngumu, hufuatana na mafundi, huandika kazi za kila siku katika daftari lake, na mwalimu wake huja kumkagua. Hata Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huhesabu mafunzo hayo kuwa moja ya mambo yanayokopeshewa fedha.

Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa Uviko-19. Hapa kwetu vyuo vilifungwa mwezi Machi vikafunguliwa Juni mosi. Katika nchi nyingi makampuni ya nishati yalifunga milango yake kwa wageni, na wanafunzi waliokuwa wakisubiriwa wakaambiwa wafanye mafunzo wakiwa kwao. Ugonjwa ulipungua makali, lakini utaratibu ule haukuondoka wote. Yapo makampuni yaliyoona kwamba mambo yanawezekana, na kwamba yana nafuu.

Nimezungumza na binti mmoja wa mwaka wa tatu, anayesomea uhandisi wa umeme, ambaye alifanya mafunzo ya namna hiyo kwa wiki nane. Yeye alikuwa kwao Tabora, kampuni ilikuwa Dar es Salaam. Jina lake na la kampuni hayatuhusu. Yanayotuhusu ni yale aliyoyaona.

La kwanza alilolisema ni shukrani. Kama angetakiwa kuhamia Dar es Salaam, asingeweza. Hana ndugu huko, chumba cha kupanga hudaiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo, na nauli ya daladala ya kila siku ni mzigo kwa mtoto wa mkulima. Kwa maneno mengine, nafasi ile zamani ingekwenda kwa mwanafunzi mwenye mjomba mjini. Safari hii ilikwenda kwake kwa sababu ya alama zake. Ndugu wasikilizaji, hilo si jambo dogo, na wale wanaobeza mafunzo ya mbali walikumbuke.

La pili, kazi aliyopewa ilikuwa kazi kweli. Alikabidhiwa michoro ya njia ya umeme wa volti 11,000 inayokwenda kijijini, akatakiwa akokotoe kwa kompyuta ni kiasi gani cha umeme kinapotea njiani, na nyumba ya mwisho inapata volti ngapi. Huko darasani alikuwa amefundishwa kwamba upotevu katika waya hufuata mkondo wa umeme uliozidishwa kwa wenyewe. Maana yake ni kwamba ukipandisha volti mara tatu, kutoka 11,000 hadi 33,000, mkondo unaobeba nguvu ile ile hushuka kuwa theluthi moja, na upotevu katika waya ule ule hushuka kuwa sehemu moja ya tisa. Darasani hilo lilikuwa swali la mtihani. Katika kazi hii aliona ni kwa nini kijiji kimoja kina taa nyeupe na kingine kina taa nyekundu kama kaa la moto.

Wala tusidhani kwamba kufanya kazi ya umeme kwa kioo ni mchezo wa watoto. Waangalizi wa gridi ya Taifa katika kituo ambacho kwa miaka mingi kimekuwa Ubungo hawaioni Mtera wala Kidatu kwa macho. Mtera ina uwezo wa megawati 80, Kidatu megawati 204, na maji yanayotoka Mtera ndiyo yanayoteremka hadi Kidatu. Mwangalizi aliyeko mamia ya kilomita husoma namba katika kioo, huzielewa, na hutoa maagizo. Kwa hiyo kijana anayejifunza kusoma namba hizo akiwa mbali anajifunza sehemu ya kweli ya kazi yake.

Lakini sasa tugeuze upande wa pili wa sarafu hiyo.

Binti huyu alipanga transfoma ya kijiji katika mahali ambapo ramani ilionyesha uwanja wazi, katikati kabisa ya nyumba. Kwa hesabu palikuwa pazuri kuliko pote. Akapeleka mchoro. Siku ya tatu akapigiwa simu na fundi wa njia za umeme, mzee aliyekuwa huko huko kijijini.

"Shikamoo mzee," akasema binti.

"Marahaba mwanangu. Huu mchoro ni wa kwako? Hesabu zake nzuri. Lakini hapa ulipoweka transfoma, wakati wa masika watu huvua kambare."

Yule mzee alikuwa na elimu ambayo haikuwemo katika ramani wala katika programu ya kompyuta. Alimpigia picha mahali pale, akamwonyesha alama ya maji katika shina la mwembe, akamweleza pia kwamba njia ya waya ingepita juu ya makaburi ya ukoo mmoja. Binti akachora upya. Ananiambia kwamba katika wiki zote nane, zile dakika ishirini za simu ndizo zilizomfundisha zaidi, na mzee yule hakuwa hata katika orodha ya watu waliopangiwa kumfundisha.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo lilipo tatizo. Yapo mambo ambayo kioo hakiyapitishi. Transfoma inapozidiwa mzigo hubadilisha mlio wake, na fundi mzoefu huusikia akiwa bado getini. Mafuta yake yakipata joto kupita kiasi yana harufu. Pembeni mwake hutundikwa chupa yenye punje za kukausha hewa. Katika aina moja ya punje hizo, zikiwa nzima ni za buluu, zikishiba unyevu hugeuka pinki. Mwanafunzi anaweza kusoma habari hizi zote katika kitabu na akapata alama mia. Siku atakayosimama mbele ya transfoma yenyewe, atafute sikio lililozoea mlio ule, hatakuwa nalo.

Na kubwa kuliko yote ni usalama. Kabla fundi hajagusa waya, kuna hatua ambazo hairukwi hata moja: kuzima swichi, kuifunga kwa kufuli, kutundika kibao cha onyo, kupima kuhakikisha kwamba umeme haupo, na kuufunga waya na ardhi. Mtu asiyejua huuliza, kama umeme umezimwa, waya wa ardhi wa nini? Jibu ni kwamba mtu mmoja mtaani akiwasha jenereta ya nyumbani bila kuitenga na waya za nje, umeme wake hurudi nyuma hadi kwenye transfoma. Na transfoma ile ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 400 haichagui upande. Ikipokea 400 huzipandisha kuwa 11,000. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kwamba njia imezimwa, hufa. Katika kompyuta ukikosea hatua, unabonyeza kitufe unarudi nyuma. Juu ya nguzo hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mhandisi mwenye hesabu tupu atatoa amri ofisini, na atakayepanda nguzo kutekeleza amri hiyo ni baba wa watoto wa mtu mwingine.

Yapo pia mambo madogo ambayo yana uzito wake. Fedha za bando la intaneti zilitoka mfukoni mwa mwanafunzi. Mara mbili umeme ulikatika katikati ya mkutano, akawa ndiye mwanafunzi wa kampuni ya umeme aliyepotea kwa kukosa umeme, na wenzake wakacheka. Na nyumbani, mtoto wa kike aliyekaa mbele ya kompyuta huonekana hana kazi. Aliitwa asonge ugali, aliitwa achote maji, aliitwa amsalimie mgeni. Kaka yake angekuwa katika kiti kile, pengine angeletewa chai. Sisi wazazi hapo tujitazame.

Sasa swali la kujiuliza ni hili: tufanye nini? Kuyakataa mafunzo ya mbali moja kwa moja kutakuwa ni kumfungia mlango binti wa Tabora na kumfungulia mwenye mjomba mjini. Kuyakubali yalivyo kutakuwa ni kuwapa makampuni ruhusa ya kuokoa gharama za buti na kofia, kisha kuuita ubahili huo maendeleo. Maana tusifichane, wapo wanaowachukua vijana kwa jina la mafunzo wakawapa kazi ya kunakili namba kutoka karatasi moja hadi nyingine kwa miezi miwili bila malipo, halafu wakawapigia muhuri.

Kwa maoni yangu, njia ni kuchanganya. Hesabu, michoro na mikutano ifanyike kwa kioo, mwanafunzi akiwa popote alipo. Lakini isiwe halali kumpigia mwanafunzi wa uhandisi wa umeme muhuri wa kumaliza mafunzo kama hajasimama siku kadhaa katika kituo cha umeme kilicho karibu na kwao, chini ya fundi anayemwonyesha kwa mikono. Kampuni iliyoko Dar es Salaam inaweza kukubaliana na kituo kilichoko Tabora. Zote zinahitaji wahandisi wale wale. Fundi mzee atakayefundisha aandikwe katika orodha, na alipwe kwa kazi hiyo. Gharama za intaneti zibebwe na anayenufaika na kazi, si na mwanafunzi. Na mwalimu wa chuo asiridhike na ripoti iliyopigwa chapa vizuri. Amuulize mwanafunzi ataje hatua za usalama, tena amwambie azionyeshe.

Msingi wa jambo hili tayari tunao. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa miaka mitatu wa kuwalea wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kusajiliwa. Waliouanzisha walitambua kwamba cheti cha chuo ni mwanzo tu wa safari. Busara hiyo hiyo iteremshwe hadi kwa mwanafunzi aliye bado chuoni.

Ndugu wasikilizaji, nchi yetu imejenga bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Mitambo hiyo, pamoja na njia zake zote za umeme, itahitaji watu wa kuitunza kwa miaka hamsini ijayo na zaidi. Watu hao leo wako madarasani, na wengine wako sebuleni kwao wakikodolea macho kioo. Tuwaache wakikodolee, kwani humo mna elimu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuwape buti, tuwape kofia, na tuwapeleke wakausikie mlio wa transfoma kwa masikio yao, mbele ya fundi atakayewaambia ni upi mlio wa heri na ni upi wa shari.