Siku ya Lugha na Karatasi ya Mpakani

Wasikilizaji watukufu, ninyi mlio hapa Mokambo mkingoja kizuizi cha mpaka kiinuliwe, ninyi mlio njiani baina ya Sakania na Lubumbashi, na ninyi jirani zetu wa ng'ambo, upande wa Mufulira, twawasalimu nyote kwa taadhima.

Habari yenyewe mmekwisha isikia, wala hatutawachosha kwa kuirudia: UNESCO, katika Mkutano Mkuu wake wa 43 uliofanyika Samarkand, iliitenga tarehe 15 Disemba kuwa siku ya dunia ya jamii ya lugha za Kituruki, na siku hiyo imekwisha adhimishwa kwa mara ya kwanza. Wako waliotuuliza tangu juzi, Waturuki na siku yao wana uhusiano gani na sisi, watu wa bunga na malori, ambao hata njia ya kwenda Samarkand hatuijui. Sisi twajibu kwamba uhusiano upo, na kwamba katika furaha ya Waturuki limo jambo linalotukosesha usingizi.

Kwanza, hatukuwa wageni wao kamwe. Lugha hii tunayoitumia sasa hivi kuwaamkia, iliyopanda kutoka pwani pamoja na misafara ya Wanyamwezi na Waswahili hata ikafika Bunkeya kwa mfalme Msiri, kisha ikatia mizizi katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière hata ikawa lugha ya nyumba zetu, ilibeba katika mizigo yake maneno ya Waajemi na ya Waturuki. Mwenye kusema bandari, au pamba, au rangi, au dirisha, ametamka Kiajemi bila ya kujua. Na mwenye kusema balozi, au kumwita askari afande, ametamka neno lililopita vinywani mwa Waturuki. Tena neno lenyewe la serikali, wasikilizaji, ni la Kiajemi, na maana yake ya asili ni kichwa cha kazi. Likumbukeni neno hilo, kwani tutalirejea.

Pili, siku waliyopewa Waturuki sisi tulitangulia kupewa mfano wake: shirika lilo hilo, mwezi wa Novemba mwaka 2021, liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu hapo twaisherehekea kila mwaka kwa ngoma na kwa hotuba, na hotuba aghalabu husomwa kwa Kifaransa. Na karatasi? Karatasi ya mpakani, ambayo mama muuza bunga hupewa aitie sahihi, imeandikwa kwa lugha gani? Hilo ndilo swali letu la leo, na mtatuwia radhi tukilirudia.

Watabiri wa mambo ya dunia hupenda kuuliza ni lugha zipi zitakazokuwa na cheo kati ya mataifa baada ya miaka 50. Wengine hukitaja Kituruki, kwa ajili ya biashara yake na ndege zake na udugu wake na Azerbaijan na nchi za Asia ya Kati. Wengine hukitaja Kiajemi, kwa ajili ya adhama ya vitabu vyake na upana wa nchi zake, Uajemi na Afghanistan na Tajikistan. Na wengine, kwa hisani yao, hukitaja Kiswahili chetu. Watabiri hao huhesabu watu, huhesabu fedha, huhesabu majeshi. Sisi twasema wahesabu karatasi. Lugha ambayo karani haiandiki, hata ikisemwa na watu milioni mia, ni mgeni katika nyumba yake yenyewe.

Tazameni yaliyokipata Kiajemi katika Bara Hindi. Kwa muda wa karne kadhaa, na hasa tangu zama za mfalme Akbar, Kiajemi ndicho kilichoandika kodi, hukumu, hati za mashamba na barua za wafalme katika nchi ambayo mamilioni ya watu wake hawakuwa Waajemi kwa nasaba. Na kijana wa Kihindi aliyetaka riziki ya ofisini, awe Mwislamu au Mhindu, alijifunza Kiajemi kwa kuwa mlango wa riziki ulifunguliwa kwa ufunguo huo. Kisha mwaka 1837 utawala wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ukaiondoa lugha hiyo katika mahakama na ofisi zake. Hakuna aliyekatazwa kuisoma diwani ya mshairi Hafiz, wala hakuna kitabu cha mshairi Saadi kilichotiwa moto. Lililoondolewa lilikuwa karatasi tu. Lakini haukupita umri wa wajukuu ila lugha iliyokuwa ya madola imekuwa ya wanazuoni wachache, na ufasaha wake wote haukuweza kuiokoa. Lugha kubwa kuliko yetu, yenye vitabu vingi kuliko vyetu, iling'olewa kwa kung'olewa katika karatasi.

Watazameni Waturuki nao. Mwaka 1928, Jamhuri ya Atatürk iliziacha herufi za Kiarabu ikazishika za Kilatini, na sheria ikayaagiza magazeti, vibao na ofisi zote zifuate. Na mwaka 1932 ikaundwa jumuiya ya kuitunza lugha. Hatusemi kwamba kila walilolitenda lilikuwa jema, kwani mjukuu hakuweza tena kuzisoma barua za babu yake, na hiyo si hasara ndogo. Tusemalo ni kwamba waliiendea lugha kwa vitendo. Hata mwezi wa Septemba mwaka 2024, wanazuoni wa nchi za Kituruki walikutana Baku wakaafikiana juu ya alfabeti ya pamoja yenye herufi 34, ili Mturuki wa Istanbul na ndugu yake wa Asia ya Kati siku moja wasomane. Wao hawakungoja siku ya dunia ndipo waanze kazi. Siku imewakuta kazini.

Na mwaka huo huo wa 1928, wasikilizaji, mkutano uliofanywa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Sisi wa Katanga tulibaki na Kiswahili cha kinywani, na karatasi ikabaki ya bwana. Bwana amekwenda zake, karatasi imebaki.

Tumeishuhudia kwa macho yetu. Siku moja, katika ofisi moja ya mpakani tusiyopenda kuitaja jina, mama mmoja wa makamo aliyekuwa na magunia yake machache ya bunga alipewa karatasi atie sahihi. Afisa alikuwa mtu wa adabu; alimweleza kila kitu kwa Kiswahili kizuri, hesabu ya magunia, kiasi cha ushuru, mahali pa kulipa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia sisi tuliokuwa nyuma yake katika foleni akauliza, “Papa, hii karatasi inasema nini?” Tukashangaa, kwani alikuwa amekwisha elezwa. Akasema, “Yeye amesema yake. Mimi nauliza karatasi.”

Wasikilizaji, katika maneno ya mama yule mna elimu yote tunayotaka kuitoa leo. Kinywa cha ofisi ni Kiswahili, na mkono wake ni Kifaransa. Na mtu anapofika mbele ya sheria hahukumiwi kwa lile lililonenwa na kinywa, bali kwa lile lililoandikwa na mkono. Kinywa kikisema hili na mkono ukaandika lile, mama atajuaje? Ameachwa mikononi mwa uaminifu wa mtu asiyemjua, na uaminifu huo huvunjika mara nyingi, na uvunjikapo hana ushahidi.

Hatukukosa sheria. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya kwanza kabisa, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na mara hiyo hiyo inazitaja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na kuifaradhisha dola izikuze pasipo upendeleo. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka lugha za taifa au za mahali zitumike kufundishia katika elimu ya msingi. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo sisi na Zambia tu wanachama wake, kwa hiyo kizuizi hiki cha Mokambo kinasimama baina ya nchi mbili zilizokwisha kukikubali Kiswahili. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi. Julai 2022 tukaingia kwa ukamilifu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na karatasi? Karatasi haijapata habari ya lolote katika hayo.

Ajabu ni kwamba walio mbali wamekwisha kutambua tusilotambua sisi. Tehran inatangaza kwa Kiswahili kwa miaka mingi sasa. Waturuki nao wana huduma yao ya habari kwa Kiswahili. Hata Ufaransa, ambayo kwa lugha yake ofisi zetu zinatuandikia, ilianza mwaka 2010 kututangazia kwa Kiswahili kutoka Dar es Salaam. Wote hao, kila mmoja kwa maslahi yake, wakitaka masikio yetu huja kwa lugha yetu. Mturuki na Mwajemi na Mfaransa wanabisha hodi kwa Kiswahili. Serikali, ambayo hata jina lake tumeipa kwa Kiswahili baada ya kuliazima kwa Waajemi, ndiyo peke yake itujiayo kwa lugha ya kuazima.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili chetu cha Katanga si fasaha, kimechanganyika na Kibemba na Kiluba na Kifaransa, hakifai kuandikiwa sheria. Twawajibu kwamba Kiajemi nacho kinaitwa Farsi kule Tehran, kinaitwa Dari kule Kabul, kinaitwa Kitajiki kule Dushanbe, ambako huandikwa hata kwa herufi nyingine, na kila mahali kinatoa hukumu na kufundisha watoto. Ufasaha hauji kabla ya kazi. Mkono ukianza kuandika, kinywa hujinyoosha. Wenzetu wa Tanzania walikuwa na Kiswahili fasaha tangu zamani, na hata hivyo lugha ya mahakama zao kuu ilikuwa Kiingereza, mpaka sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kilichopungua kwao hakikuwa ufasaha, ni karatasi. Wala hatusemi Kifaransa kifukuzwe, au Kibemba cha jirani zetu na Kilala cha wenyeji wa nchi hii visahauliwe. Karatasi ina pande mbili, na upande mmoja wautosha Kifaransa.

Kwa hiyo, ninyi wabunge wa Katanga Juu mnaokuja kutuomba kura kwa Kiswahili, tuandikieni sheria kwa lugha mliyoombea kura! Ninyi wakuu wa ofisi za mpaka, agizeni karatasi yenye pande mbili. Hamtahitaji mkutano wa Samarkand, mwahitaji wino tu! Ninyi walimu, wafundisheni watoto kuandika barua na hati kwa Kiswahili, si nyimbo za tarehe 7 Julai peke yake! Nanyi akina mama wa bunga, nanyi madereva na wachukuzi wa Mokambo, msione haya kuuliza. Wahenga walisema ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Sisi tumenena vya kutosha kwa miaka mingi, na kunena kwetu kumetufikisha hapa tulipo, wenye siku yetu duniani na tusio na ukurasa nyumbani.

Kesho alfajiri kizuizi kitakapoinuliwa, na karatasi itakapowekwa mbele yako, usitie kidole gumba mara moja. Uliza kwa adabu, kama alivyouliza mama yule: hii karatasi inasema nini? Ukijibiwa kwa kinywa, shukuru, kisha uliza ya Kiswahili iko wapi. Ukiambiwa haipo, lipa ushuru wako uende zako. Na keshokutwa ukirudi, uliza tena.